Usizioshe kwa Maji

Septemba ikifika, mji mzima wa Sevlievo hunukia moshi.
Kila roshani ina jiko lake dogo la umeme,
jembamba kama ndoo, lenye tundu moja tu katikati:
pilipili hoho inaingia, unafunika,
unahesabu mpaka mia na ishirini,
unaitoa imebabuka, nyeusi,
inafoka mvuke kama mtu aliyetukaniwa mama.

Mama yangu, Zdravka, haamini saa.
Huhesabu kwa sauti,
na ukimsemesha njiani huanza upya,
ndiyo maana hoho zetu huungua
na kosa huwa langu.

Usiku wa jana yake alimimina mtindi ndani ya foronya kuukuu,
akaifunga kwenye bomba la sinki.
Nililala nikisikia
to
to
to
mpaka usingizi ukanipitia.
Asubuhi lilikuwepo bonge jeupe, zito kama mtoto wa wiki moja,
na mgongoni limechapwa maua ya foronya.

Saa kumi na moja jioni,
hoho kumi na saba zikiwa bado mbichi,
jengo lote likazimika.
Roshani ishirini na nne,
na waya mmoja uliozaliwa kabla yangu.
Milango ikafunguka, ndara zikashuka ngazi,
watu wazima wakaulizana gizani
ni nani huyo mwenye majiko mawili.
(Ni mama. Mama ana mawili.
Nikatulia tuli, maji ya mtungini.)

Ghorofa ya tatu, chini yetu, anakaa Bwana Gavril.
Hajasalimiana na mama
tangu bomba letu lilipovuja juu ya kitanda chake:
miaka sita na mwezi mmoja.
Mwenye hesabu hiyo ni mama.
Akasimama mlangoni, tochi kwapani,
mikononi jiko la gesi la kambini, la moto mmoja.
Hakusema hodi wala habari za jioni.
Alisema, "Zitaharibika hizo."
Mama akalitazama jiko. Akazitazama hoho.
"Pita. Lakini usihesabu kwa sauti."

Tukazichoma kwenye moto wa buluu, moja moja, kwa uma,
kisha biringanya mbili
zilizonywea taratibu kama mpira uliochomwa mwiba.
Tukazifunika kwenye sufuria zitoke jasho.

Wakati wa kumenya, vidole vyetu vyote vyeusi,
Bwana Gavril akanyoosha mkono kufungua maji.
Mama akamchapa kiganja.
"Usizioshe kwa maji! Utamu wote utakwenda na bomba."
"Bomba lako," akajibu,
"najua linakokwenda."

Nikashika pumzi.
Mama aliendelea kumenya, ameinama,
ila bega lake la kushoto
lilikuwa likitikisika.

Mtindi ukatandazwa kwenye sinia, chumvi kidogo.
Kitunguu saumu kikapondwa pamoja na jozi,
jozi zake, alikuwa nazo mfukoni, sijui tangu lini.
Juu yake hoho zilizochanwa kwa mkono,
nyama ya biringanya, mafuta ya alizeti,
shibiti iliyokatwa ovyo kwa kuwa kisu hakikuonekana.
Baridi chini, vuguvugu juu,
na masizi mawili matatu yaliyotuponyoka,
ambayo ndiyo hasa ninayoyakumbuka ulimini.

Tulikula kwa mwanga wa tochi, sinia moja, mkate wa kumega.
Kitanda hakikutajwa.
Samahani haikutajwa.
Alisema tu kwamba marehemu mkewe alikuwa akitia siki,
mama akasema siki ni ya watu wasioamini mtindi wao,
akacheka kwa mdomo uliojaa.

Umeme uliporudi, jengo zima likapiga kelele.
Jokofu likaguna.
Mama akainuka kama aendaye kufunga dirisha,
akachomoa jiko la pili
na kulisukuma kwa mguu chini ya meza.

Bwana Gavril aliona.
Akapangusa sinia kwa kipande cha mwisho cha mkate,
polepole, pembe kwa pembe,
akala.