Kalenda ya Magodoro

Bwana Lugembe anauza magodoro.
Anataka kalenda elfu mbili kabla ya Desemba:
juu, yale mawe yaliyobebana majini;
chini, ramani.
"Chora Kanda ya Ziwa, ipake bluu, basi.
Nani asiyeijua?"

Nimekaa mbele ya kompyuta, Mtaa wa Rufiji.
Mwanza nimeipaka. Mara. Kagera. Geita.
Simiyu yagusa maji kwa ncha ya kidole tu,
kule Lamadi; nayo nimeipaka.
Shinyanga nimesita.

Hakuna mtu Shinyanga aliyewahi kuamshwa na wimbi.
Lakini mtabiri wa hali ya hewa huitaja
kwa pumzi ileile aliyoitajia Mwanza,
na Nyamizi, anayetoboa karatasi meza ya pili,
mtu wa Kishapu, anasema bila kuinua uso:
"Mimi wa Ziwa."
"Uliliona lini?"
"Nilipomaliza la saba."
"Na kabla ya hapo?"
"Kabla ya hapo nilikuwa nakula dagaa wake."

Basi nikafuata dagaa.
Nikampigia Mama Nyangeta, sokoni Kirumba:
magunia yako yanaishia wapi?
"Lubumbashi, mwanangu, wakilipa."
Nikafuta mstari.

Nikafuata michembe,
nikahesabu kila nyumba inayoitafuna na karanga;
ikanivusha Nzega, ikanifikisha Tabora,
halafu Rutashobya wa dukani akanicheka:
"Michembe? Kwetu Bukoba ni ndizi.
Kwa hiyo mmetutoa?"
Nikafuta tena.

Ruhomvya, fundi wa mashine, anatoka Kigoma.
Alikuwa kimya siku nzima, mikono imejaa grisi.
Jioni akauliza taratibu:
"Na sisi tuna ziwa. Refu. Lina kina.
Lenu mnaliita Ziwa tu,
kama vile Mungu aliumba moja akachoka."
Sikuwa na jibu. Nilimwongezea chai.

Bibi yangu alikuwa akisema
Sukuma halikuwa jina la watu, lilikuwa upande:
kaskazini.
Kuna mtu alisimama kusini akanyoosha kidole,
na tulioelekezewa tukaitika.
Lakini Mkerewe akisimama kisiwani kwake
akatugeukia, sisi ndio kusini.
Kidole hakina mpaka.
Kina mahali mwenyewe aliposimama.

Simu. Lugembe.
"Umemaliza?"
"Bado. Naitafakari Shinyanga."
"Unaitafakari nini? Lori langu linakwenda Kahama
linarudi siku hiyohiyo. Weka Kahama.
Nzega usiweke."
"Kwa nini?"
"Nzega hawalipi."

Ndivyo Nzega ilivyotoka Kanda ya Ziwa,
saa kumi na moja kasoro, siku ya Jumatano,
kwa deni la magodoro kumi na mawili.

Nikachora alivyotaka. Mstari mwembamba, mweusi,
wenye uhakika ambao mimi sikuwa nao.

Nilikuwa nikimkumbuka shangazi, Igombe.
Mwaka ule wa mvua ziwa lilipanda
likaingia jikoni kwake bila hodi,
likakaa miezi minne kati ya mafiga,
kisha likarudi lilikotoka.
Liliacha mstari ukutani, wa kahawia, usawa wa goti.
Nyumba nzima imepigwa chokaa tangu hapo;
pale hapigi.
"Likirudi," anasema, "lisije likapotea."

Usiku mashine ikaunguruma.
Elfu mbili, na bluu ikaanza kupungua
kwenye mia ya mwisho, hata ziwa na nchi kavu
vikafanana, vimefifia kama kanga ya kufulia.
Nyamizi akaokota moja, ya moto bado,
akaitafuta Kishapu kwa kidole gumba,
akaipata, akabonyeza.

Wino haukuwa umekauka.
Alipoondoa kidole, bluu ilikuwa imemfuata,
imevuka mstari wa Lugembe
na kuingia Nzega.

"Hii imeharibika," nikamwambia.
Akaikunja, akaitia mkobani.
"Nipe hiihii."