Vitambaa Vinne

Kulabu ya magunia si silaha.
Rehani Nandonde alikuwa nayo mkononi msimu mzima,
akivuta korosho kilo themanini themanini,
mpaka rundo lilipoteleza pale ghalani Newala
likamlalia, na chuma kikamgeukia mwenyewe tumboni.

Saa tano usiku. Presha sitini, kisha hamna.
Daktari Mkuti akapasua kutoka chembe cha moyo
hadi chini ya kitovu,
na damu ikaja bila haraka, nyeusi.
Haikuruka. Inayoruka utaona itokako.
Hii ilijaa tu, kama maji ya kisima cha mchangani.

"Somoe, tia mkono."
Nikatia. Nikaukandamiza mshipa mkubwa
kwenye uti wa mgongo,
kwa ngumi hii ninayokandia unga.

Baba yangu alikuwa fundi bomba,
enzi zile maji yakipandishwa kwa mashine kutoka bondeni
na ndoo moja hapa kwetu ni mali.
Alisema: bomba likipasuka usikimbilie tundu.
Funga juu. Funga chini.
Ndipo uulize limepasuka wapi.

Tukafunga juu, tukafunga chini,
vitambaa vimebanwa kwenye ncha za koleo.
Tundu likajitokeza, dogo hata aibu kulitaja,
upana wa kucha ya kidole cha mwisho.
Daktari akalishona kwa uzi ambao ukidondoka hauonekani.
Taa ikafifia. Hakuna aliyesema kitu.
Jenereta likakohoa, likashika.

Nje wachukuzi sita,
mikono imebabuka kwa mafuta ya korosho,
wanauliza kundi la damu ndiyo nini.
Wawili wakafaa.

Lakini pembeni bado panavuja, padogo padogo, pengi,
na mwili umepoa, damu imesahau kuganda.
Daktari akasema, basi.
Tukasindilia vitambaa vinne,
tukaliacha tumbo wazi, tukalifunika kwa mfuko wa dripu,
nami nikaandika kwenye plasta, juu ya kifua chake:
NDANI VIPO VINNE.
Gari likateremka kwenda Ndanda.

Mwaka wa kumi na tisa huu nahesabu vitambaa.
Vilivyoingia sharti vitoke, ndipo naenda kulala.

Ijumaa, simu.
Nesi nisiyemjua; nyuma yake mtu anadai uji.
"Dada," akasema, "vyote vinne."