Kadi Nambari Mia na Tisa

Umeniuliza, Mcha,
kwa nini hatujaacha
jina la zamani, picha
ya kalamu fulanani,

wakati nusu ya timu
hukwea miti kwa zamu,
hawaijui kalamu
ila ile ya mizani.

Basi kaa, nikwambie,
nayo chai itulie.
Shahidi wako ni mie
tangu mwanzo, maktabani.

Chuo kilikuwa juu,
shambani mwa karafuu,
tukipanda kwa miguu
toka Wete bandarini.

Mpira wetu mmoja,
mkuu kaja na hoja:
"Uwe mali ya pamoja,
uwekwe kule rafuni."

Nikaupa na nambari,
mia na tisa, tayari;
ukalala na habari
za mimea na majani.

Siku mbili, urudishe.
Tope zake uzioshe.
Na tena nikukumbushe:
shilingi moja faini.

Nahodha wao ni Ngwali,
msoma hesabu kali,
mpira kwake ni swali
la penseli daftarini.

Mechi ya kwanza, na mji,
tulinywewa kama uji:
saba! Na watazamaji
wakaguta: "Kasomeni!"

Ngwali hakujibu neno.
Kadini katia wino,
mpira kwenye mkono,
akashuka uwanjani.

Mwaka wa pili, vijana
wa mji, wa kutukana,
wakaomba kuungana
nasi, ila kwa yamini:

mtu kwanza akasome
ukurasa, asigome,
neno neno alipime,
ndipo buti miguuni.

Baba yako alilia,
"ng'ombe" likimkimbia.
Wiki nane kapania,
akalifunga kambani.

Chuo kikahamishiwa
Unguja; vikapakiwa
vitabu; nikaachiwa
kadi moja mkononi.

Nambari mia na tisa:
Ngwali ndiye hadi sasa
mdaiwa. Kila pesa
naijua hesabuni.

Wasema yuko Maskati,
wengine: kafa, hayati.
Kadi naiweka kati
ya kanga mbili, kashani.

Ila timu haikufa,
imeshuka, bila sifa;
yale yetu maarifa
mwayaacha mlangoni.

Kesho mechi ya kupanda,
wewe nahodha; naenda
na mkongojo. Napenda
nikuombe kwa hisani:

kabla ya kuvaa jezi,
kipa, beki, na mkwezi
asome, sauti wazi,
haya ya humu kadini.

Humo yumo baba yako,
herufi za hangaiko,
na Ngwali, wa mwisho, yuko,
na tarehe ya zamani.

Chini yake pana pengo.
Tia jina. Si mchango,
si sahihi ya mpango:
ni azima. Soma. Saini.

Siku mbili, urudishe.
Tope zake uzioshe.
Ukishindwa, usikeshe:
shilingi moja faini.