Kiti Kinalala?

Watu wakienda Dubai hurudi na mablanketi,
dhahabu ya kuvaa harusini, simu mbili za kuuza.
Mjomba Mfaume amerudi Newala
na mfuko mmoja wa makaratasi yanayong'aa,
na shingo iliyokakamaa kwa kiyoyozi.

Ilikuwa pesa ya korosho, mnada wa tatu,
bei iliyowafanya watu wazima wacheke peke yao njiani.
Akasema: naenda kwa mwanangu Shaweji, nipumzike wiki tatu.
Kupumzika kwenyewe ndiko huku:
anakunywa chai, anavaa shati la Idi,
kisha, "Nipeleke kwenye magari."

Bahari hakuiangalia. Yale majengo marefu aliyapa kisogo.
Duka la kwanza, la pili, la tisa,
sakafu inateleza kama sahani iliyooshwa,
vijana wenye tai wanamletea kahawa kwa kikombe cha mwanasesere,
wakimdhani tajiri wa mahali wasipopajua.
Na yeye, karani wa mizani wa chama cha msingi,
anainama, anagonga bati kwa kifundo cha kidole,
anafungua mlango, anaufunga, anasikiliza.
Mlango wa gari jipya, anasema, haupigi kelele.
Unameza.

Halafu swali lake, lile lile, kila duka:
Kiti hiki kinalala?
Bei hakuuliza. Injini hakuuliza.
Shaweji anatafsiri huku anatazama viatu vyake mwenyewe.
Kijana wa tai anabonyeza kitufe,
kiti kinashuka taratibu, taratibu,
na Mjomba anavua makubazi, anajilaza chali,
mikono juu ya tumbo,
anahesabu kitu mdomoni, hatujui nini.
Shaweji alipiga picha, akatutumia. Tulicheka mpaka kwikwi.

Mama alicheka kuliko wote.
"Kaenda kote huko kupima vitanda!"
Kisha akanyamaza, akachukua ungo, akatoka.

Hapo nikakumbuka jina langu.
Shuleni niliitwa Rukia; nyumbani naitwa Gunia,
kwa kuwa nilizaliwa juu ya magunia,
pikapu ya chama, mvua ya Desemba, mteremko wa Newala,
wakiitafuta Ndanda, na Ndanda haifiki.
Mjomba alikuwa nyuma, turubai kalishika kwa meno, tochi mkononi,
mama amekunjwa kati ya korosho za watu,
hana pa kunyooshea mguu.
Mguu ule mpaka leo hukataa ngazi.
Sijawahi kumsikia Mjomba akiusimulia usiku huo.

Hata juzi hakuusimulia.
Alitandaza karatasi zake mkekani,
akanionyesha hili, na hili, na hili la rangi ya maziwa,
akanitazama tumbo (miezi saba, linanitangulia mlangoni),
akazikunja zote.
"Bei zake za watu wengine, Gunia."

Leo asubuhi Noah ya Lipwelele imeegeshwa uani kwetu.
Kaikodi mwezi na nusu, tanki limejaa,
dereva analala kwa jirani na viatu miguuni.
Gari la kijivu, dirisha moja la nailoni,
ndani linanuka ng'onda wa abiria wa jana.
Mjomba anapaka grisi bawaba,
anafungua, anafunga, anasikiliza.
Pwaa!
Anapaka tena.
Kuku wamehama. Mama anachungulia,
na safari hii hacheki.

"Njoo," ananiita. "Vua ndala."
Kiti kinashuka kwa mkwaruzo, kinakwama,
anakipiga ngumi,
kinashuka.
Najilaza.
Miguu inanyooka, na nafasi inabaki.