Kiwanja Namba 214, Kitalu D

Bikoni zake nne nilizizika mimi,
mwaka ule nilipokuwa kibarua wa wapima ardhi,
nikishika mti wa mistari myekundu na myeupe
huku bwana mpima akifumba jicho ng'ambo ya korongo.
"Kulia. Kidogo. Kidogo tena. Hapo!"
Na hapo palikuwa na tundu la fisi,
mifupa mlangoni, mavi meupe kama chaki.
Nikamwambia.
Akasema: andika, hakuna maendelezo.
Nikaandika.

Leo ni kwangu. Iyumbu, mgongoni mwa kilima,
vyumba vitatu, sebule isiyopigwa lipu,
kuku kumi na mmoja.
Jana walikuwa kumi na wawili.

Sechelela anawajua wote kwa hasara zao:
kicheche ni manyoya kizingitini,
nungunungu ni tuta zima la viazi,
digidigi ni kunde, tena majani machanga tu,
anachagua huyo kama mteja wa Majengo sokoni.
Pimbi hawaibi. Pimbi wanatazama,
wamejipanga juu ya jiwe kabla jua halijakaza
kama wastaafu wanaosubiri pensheni.

Jiwe lenyewe limebaki nusu.
Nusu ya pili tuliinunua kwa ndoo
kwa mama Mbeleje, aliyelichoma kwa matairi
kisha akalipasua kwa nyundo, mtoto mgongoni:
kokoto za msingi, kokoto za lenta.
Nyemo, wa darasa la pili, ndiye aliyeuliza:
"Baba, sisi tunakaa juu ya nyumba yao,
au wao ndio wamekaa juu ya nyumba yetu?"
Nikamwambia amalize uji.

Septemba, upepo unang'oa mabati,
fisi alichukua ndama wa Afande Kusupa.
Afande akapita nyumba kwa nyumba na daftari:
elfu tatu kila kaya, ya sumu na matumbo ya ng'ombe.
Nilitoa. Jina langu lipo, la nne kutoka juu,
na tiki pembeni.

Asubuhi tulikuta tai wawili, mbawa zimetandazwa
kama kanga zilizoanguka kambani.
Mbweha jike, tumbo lake limejaa watoto.
Na mbwa wa Afande mwenyewe, Komando,
povu mdomoni, kamba bado shingoni.
Fisi hakuwamo.
Afande alichimba shimo moja la wote,
hakutaka kusaidiwa,
na daftari hatukuliona tena.

Kisha kimya.
Usiku wa kwanza tulisema, afadhali.
Usiku wa tatu nilisikia saa ya ukutani
ambayo sikujua kwamba ina sauti.
Usiku wa tano Nyemo alitaka taa isizimwe,
yeye aliyelala miaka yote na kile kicheko dirishani.
Mimi nililala macho, nahesabu:
elfu tatu, elfu tatu, elfu tatu.

Usiku wa tisa, karibu na alfajiri,
ukapanda kutoka korongoni ule mlio,
uuu-wip, ukavunjika mwishoni
kama swali.
Sechelela akanishika kiwiko gizani.
"Kuku umewafungia?"
"Nimewafungia."
Hakuuachia mkono wangu.

Fundi wa ukuta alikuja Jumatatu.
Akavuta kamba kutoka bikoni hadi bikoni.
Nikaing'oa mambo ya upande wa korongo,
nikaingia ndani hatua tatu, nikaichomeka upya.
Akacheka: "Mzee, watu wanauana kwa hatua moja,
wewe unatupa tatu?"
Nikamwambia hapo ni njia ya maji.
Akatazama kilima, vumbi, mibuyu iliyokauka mpaka mfupa,
anga tupu hadi Mpwapwa.
"Maji gani, Dodoma hii?"

Andika, nikasema. Njia ya maji.