Kilo Tisini na Mbili

Baiskeli ilikuwa ya Vinko:
shokapu mbele, shokapu nyuma,
mota tumboni kama mimba changa,
betri ya kulala jikoni majira ya baridi
kwa kuwa stoo zote za Kobarid hugandisha hata asali.
Breda aliirithi pamoja na deni lake.

Aprili akaipandisha njia ya msitu,
mota ikivuma kwa chini, ikimsukuma
kama mtu akuhimizaye bila kukugusa.
Kupanda, sawa.
Kushuka ndiko kulikomwonea:
kila mzizi ukapita moja kwa moja hadi kwenye meno,
kila jiwe likamtaja kwa jina.

"Shokapu zimekufa," alimwambia Tilen, fundi.
Tilen akabonyeza, akasoma geji.
"Hazijafa. Zingali zinambeba Vinko.
Kilo tisini na mbili. Wewe hamsini na tano."

Cheni ikadondosha tone la matope.
"Nipunguze?"

Breda alitazama sahani za breki, zilivyolika,
na alama ya gundi pale kengele ilipokuwa.
Akaitikia kwa kichwa.

Ssss...
upepo alioujaza mumewe Oktoba
ukatoka kwenye valvu, mwembamba, bila haraka.
Akaunusa: mpira, mafuta,
hakuna kingine.

Leo tope limekauka. Cheni ameisugua kwa mswaki mkuukuu
(hasemi wa nani).
Mteremko uleule, mizizi ileile.
Baiskeli inazama kidogo chini yake,
inainuka.
Betri imebakiza vipande viwili kati ya vitano.
Anageuza. Anapanda tena.