Kibao cha Laki Mbili na Nusu

Vitabuni wanakiita kishikwambi. Sisi huku, kibao.
Nilikinunua Kasese, dukani kwa Bwambale,
laki mbili na nusu, baada ya kubishana hadi adhana ya alasiri.
Sandukuni wameandika giga sitini na nne.
Nilipokifikisha Bwera na kukilisha mitindo ya kola,
kilishiba kwenye kumi na mbili, kikacheua.

Sikatai, kina mema yake.
Mteja akija na kitenge, hajui anataka nini,
namfungulia mikono ya puto, mikono ya kengele,
mgongo wazi ambao mchungaji wake hataupenda,
naye anachagua kwa kidole.
Usiku mwanangu Thembo hufanyia humo hesabu za sehemu,
na kibao hakichoki kumwambia jaribu tena;
mimi ningekuwa nimeshampa kibao cha aina nyingine.
Mama yangu yuko juu Kyarumba, magoti hayamruhusu kushuka.
Aliliona gauni la Biira kabla ya bibi harusi mwenyewe,
akasema pindo limepanda kushoto.
Lilikuwa limepanda kweli.

Lakini juani ni kioo cha kunyolea.
Kamera yake haiijui nyekundu:
nilituma picha ya gomesi ya damu ya mzee,
ikafika Kampala rangi ya papai, mwenyewe akaikataa.
Tundu la chaji limelegea, nimelikaza kwa uzi wa jinzi,
na umeme ukikatika saa mbili usiku
kinanitazama kwa asilimia tisa
kama mgeni anayeaga asiondoke.

Cherehani ya miguu, ya urithi, imenizidi umri.
Haijawahi kuniomba chaji
wala kuniuliza kama nakubali masharti mapya.

Kisha mwezi wa tano ukingo wa kushoto ukafa.
Upana wa kidole, juu hadi chini,
na herufi A ikaondoka nao.
Jaribu kuishi kwa Kiswahili bila A.
Niliwaandikia wateja: *nguo imekwish, njoo n pes.*
Wakanizoea. Kabugho nikawa Kbugho;
mmoja aliniita hivyo sokoni, kwa mdomo wake.

Thembo ndiye aliyekipindua kichwa chini.
Maandishi yakajigeuza, ukingo mfu ukahamia kulia,
A ikarudi kama haikuwahi kusafiri.
Ila kulia ndiko inakokaa P,
na kitufe cha kufuta,
na kile cha kutuma.
Kwa hiyo sasa naandika yote niliyo nayo,
siwezi kufuta neno, siwezi kulituma,
mpaka nikigeuze tena.

Jana nilimwandikia Mbambu, deni la miezi minne.
Niliandika sare za wanawe watatu, niliandika harusi,
niliandika nilivyomwona *Mondwe* na *viatu viya*,
nikaandika na jina la baba yake.
Hasira, kumbe, haihitaji P.

Nikakigeuza ili nitume.
Kibao cha bei rahisi hufikiri kabla ya kugeuka:
sekunde tatu, nne, giza tupu,
na humo gizani uso wangu,
chaki shavuni, pini mbili mdomoni,
mwanamke ambaye hata mimi ningemwogopa.

Kikawaka. Kufuta kunafanya kazi. Kutuma kunafanya kazi.

Nilifuta hadi likabaki jina lake tu,
*Mbambu*, na A yake salama katikati,
kisha nikaongeza nilichoweza kuongeza
kwa herufi zilizokuwepo:
*njoo tuongee.*

Asilimia sita.
Ikaenda.